Sarafu ya Bibi Isabela

Siku Ambrosi alipokuja Masasi kutoka Chiungutwa kumposea mpwa wake Marko, mimi nilikuwepo. Sikualikwa, lakini nyumba ya Bibi Isabela na yangu zilitenganishwa na ua wa mabua tu, na ua wenyewe ulikuwa na tundu la kupitishia makaa, chumvi na habari. Nikachukua birika langu la chai na sahani ya vitumbua, nikaingia. Posa gani ya watu wawili wanaotazamana kama wamepelekwa bomani?

Mambo yalianza vizuri. Ambrosi alikuwa mzee wa Kimakua, mrefu, mpole, kofia ameiweka magotini. Kwa Wamakua mjomba ndiye mwenye neno, na yeye maneno yake aliyapanga. Alimsifu Julia, mjukuu wa Bibi Isabela, akasifu usafi wake na mwandiko wake. Julia mwenyewe alikuwa jikoni, na nilijua anasikiliza kila kitu, maana sufuria zilinyamaza mno. Alimpenda Marko, hilo soko zima lilijua, na waliojua kupitia kwangu walikuwa wengi.

Kisha Ambrosi akauliza jambo ambalo Mmakua yeyote angeuliza.

"Mama, na nihimo lenu ni lipi?"

Nihimo ni ukoo. Mtu huupata kwa mama yake, naye mama kwa mama yake, hivyo hivyo mpaka huko kusikoonekana. Wa nihimo moja hawaoani. Ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana. Na asiye na nihimo, siku unga unapomwagwa chini kuwaita wazee waliotangulia, hakuna anayejua aitwe nani kwa ajili yake.

Bibi Isabela akaweka kikombe chini taratibu. "Sisi ni watu wa misheni, baba."

"Hata mimi ni wa misheni, mama. Nimebatizwa kabla ya Marko kuzaliwa. Nauliza ukoo."

"Mama yangu Helena aliletwa na mapadri kutoka Unguja, mtoto mdogo. Alikuwa ametolewa kwenye utumwa."

"Najua. Wengi walikuja hivyo. Lakini wenzake walipokelewa na koo za hapa, wakawa watu wa humo. Yeye alipokelewa wapi?"

"Alikataa."

"Kwa nini?"

"Alisema ana kwao."

"Kwao ni wapi?"

Hapo kila mtu akatazama chai yake. Ambrosi hakutaka kumwaibisha. Alisubiri, akakohoa, akaanza upya kwa sauti ya chini. "Mama, sina dharau. Lakini watoto wa Marko watakuwa wa nani? Na je, kama huyo mama yako alikuwa wa nihimo letu sisi? Tutakuwa tumewaoza ndugu. Nipeni jina, mimi nipokee. Nitangoja mpaka korosho ziishe kuvunwa."

Akamaliza chai, akashukuru kwa vitumbua, akaondoka na baiskeli yake. Angekuwa mkorofi tungepata wa kumsema jioni nzima. Kwa vile alikuwa mtu mwema, tulibaki na maneno yake tu.

Julia alitoka jikoni macho mekundu. Bibi yake hakumtazama. Aliingia ndani, tukasikia sanduku likifunguliwa, akarudi na kifundo cha kitambaa cheusi kwa uzee. Miaka kumi na minne nimekaa naye, nimemuuguza, nimemzikia binti yake Scholastika, yule mama yake Julia, na kifundo kile sikuwahi kukiona. Niliumia kidogo, nakiri.

Ndani yake mlikuwa na sarafu. Ndogo, nyembamba, ya kijani kama kuvu, ukingo wake haukuwa duara sawasawa.

"Mama aliishona kwenye pindo la nguo yake tangu utoto," akasema. "Siku alipokuwa anakufa akanipa. Akaniambia, hiki ni cha kwetu. Jina la kijiji alilisahau. Jina la mama yake alilisahau pia, alikuwa akimwita mama tu. Alikumbuka maji makubwa, na kutembea siku nyingi mpaka kucha zikang'oka. Na hiki."

"Kina maandishi!" nikasema. Nilikiinua kwenye mwanga. "Kama ya chuoni kwetu, ya Kurani." Mimi chuoni nilifika mahali padogo nikatoroka, lakini sura ya herufi ninaijua.

"Mapadri waliwahi kukiona?" Julia akauliza.

"Mama alikataa kisitoke mkononi mwake. Nami nilikataa." Akamtazama mjukuu wake. "Lakini kama kina neno, basi sasa kiseme."

Nani wa kukisemesha? Mwalimu Cuthbert, nani mwingine. Cuthbert alifundisha shule ya misheni na alikuwa na ugonjwa wa kukusanya stempu na sarafu za kale. Pale kwenye kibanda changu cha chai sokoni ukimrudishia chenji, yeye huanza kuchagua. Senti mpya anazikataa, anataka iliyochakaa. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Nikamwita siku hiyohiyo.

Alikuja na kioo chake cha kukuzia, akapiga goti mlangoni penye jua. Alikaa muda mrefu mno kwa mtu ninayemjua hunywa chai kwa kupuliza mara mbili tu.

"Si hela ya Mjerumani," akasema. "Si rupia. Si ile pesa ya Seyyidi wa Unguja yenye mizani. Hii ni ya zamani, Mama Rajabu."

"Zamani ya Mjerumani?" nikauliza.

"Mjerumani ni jana."

Bibi Isabela akajifunga kanga upya, kama mtu aliyeitwa kanisani. "Mwalimu, inaweza kusema ilikotoka?"

"Sarafu husema, bibi, ikipata wa kuisoma. Mimi siwezi. Lakini ninaye mwenzangu Newala, karani wa posta, Filemoni. Yeye ana marafiki Lindi, Kilwa, Dar es Salaam, wote wagonjwa kama mimi. Huandikiana kila wiki." Akaweka karatasi juu ya sarafu, akapitisha penseli polepole mpaka vimistari vikaanza kujitokeza. Kabla ya kuondoka akatugeukia, kidole juu: "Msiioshe. Msiifute hata kwa kanga. Ikae na kutu yake."

Jibu la Filemoni lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Nasema kumi na mbili kwa sababu kila asubuhi Bibi Isabela alikuwa mlangoni pangu kabla sijawasha moto. "Hajaandika?" "Bado, bibi." "Labda wino umemwishia." Alianza kujiruhusu. Mara akauliza kama ng'ambo ya Ziwa Nyasa, alikodhani ndiko kwenye yale maji makubwa ya mama yake, kuna masultani. Mara akasema labda atakuwa na mashangazi, wajukuu wa mashangazi, watu wenye pua kama yake. Alikuwa na miaka sabini na zaidi, na hakuwahi kumwona mtu mwenye pua kama yake isipokuwa aliowazaa. Filemoni aliandika kwamba penseli haikutosha. Tuilete yenyewe, Jumamosi, naye atamwita Maalimu Muharami anayesoma Kiarabu.

Miguu ya Bibi Isabela haikuweza lori la Newala. Akaniita mimi. "Wewe unajua watu," akasema. "Uende na Julia na Mwalimu." Akaiweka sarafu kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu. Ijumaa jioni niliikunjua kuitazama. Nikafikiri: kesho kitu hiki kinakwenda mbele ya wageni, makarani na maalimu, kwa niaba ya nyumba ya watu. Kwetu hata mgonjwa hapelekwi hospitali bila kuoga. Maneno ya Mwalimu niliyakumbuka, lakini niliyachukua kama maneno ya wanaume, ambao uchafu haujawahi kuwasumbua. Nikachukua ukwaju, jivu na mchanga laini, nikasugua kama ninavyosugua birika. Kijani kikatoka chote. Ikabaki nyekundu, inang'aa, nzuri kama pete ya bibi harusi. Nikaifunga tena kitambaani, nikalala na furaha yangu, na alfajiri nikamkabidhi Julia kifundo.

Lori liliondoka asubuhi likiwa na mafuta ya taa, majembe na sisi. Pale linapoanza kupanda kwenda juu uwandani, abiria wanaume walishuka wakasukuma, sisi tukawasukumia maneno. Julia hakucheka. Alishika kifundo kifuani njia nzima. Hakukifungua, maana bibi yake alimwambia asifungue mpaka kwa karani.

Newala maji ndiyo heshima. Mke wa Filemoni alituletea kikombe kimoja cha kunawa watu watatu, na tulikipokea kwa mikono miwili, tukijua madebe yanatoka wapi na yanabebwa kichwani mteremko wa urefu gani. Filemoni alikuwa mfupi, miwani imefungwa uzi, na mezani kwake kulikuwa na makopo ya biskuti yaliyopangwa. Biskuti hata moja hapana. Zote sarafu, kila moja ndani ya kibahasha chake. Maalimu Muharami alikaa pembeni, tasbihi mkononi, uso wa mtu mwenye subira.

"Haya, tuone," Filemoni akasema, akijipangusa vidole.

Julia akafungua. Filemoni akaitazama sarafu, kisha akamtazama Cuthbert. Cuthbert akanitazama mimi.

"Nani kaifanya hivi?"

"Ni mimi," nikasema. "Kwa ukwaju. Kitu cha kwao mtu kinakwenda ugenini, kiende na uchafu?"

Filemoni akavua miwani. Alikuwa mtu wa adabu, na nilimwona akitafuta neno la kumwambia mwanamke aliyemzidi umri. "Mama," akasema, "hukutoa uchafu. Umetoa maandishi."

Julia alinigeukia. Ningependa angesema kitu.

Maalimu akaivuta kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja ulikuwa umenusurika. Akausoma taratibu, akarudia, akatuambia maana yake: anamtumaini Mola mwenye fadhila. Akaigeuza. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Huku ndiko lilikokuwa jina la mtawala," akasema. "Sasa ninaona 'bin' tu. Mwana wa. Na hapo mbele pamefutika."

Nikaomba radhi. Niliomba kwa Maalimu, kwa Filemoni, kwa Cuthbert ambaye alikuwa ametoka kusimama barazani. Filemoni akasema si neno, bado kuna njia. Akafungua kopo la tatu, akatoa kibahasha, akadondosha sarafu ya kijani kando ya yetu. Ukubwa uleule. Wembamba uleule. Maalimu akasoma ile ya kijani: anamtumaini Mola mwenye fadhila, herufi kwa herufi, hata ule mkunjo wa mwisho.

"Hii aliniletea rafiki yangu karani wa Kilwa, kwa posta," Filemoni akasema. "Nilimpelekea ya Mjerumani, akanipa hii. Na nimemwandikia wa Dar es Salaam pia, mwenye vitabu. Anasema ni ya masultani wa Kilwa wa kale, kabla ya Mreno kuijua pwani hii. Imepita miaka mia sita, mia saba, pengine zaidi."

Nilipiga kigelegele mle ndani, Mungu anisamehe. Sultani! Miaka mia saba! Nilikuwa nimekwisha kumwona Ambrosi akiivua kofia yake. Lakini Julia alikuwa bado anaziangalia zile mbili zilivyolala pamoja.

"Baba," akamwambia Filemoni, "hizi zinafika bara? Ng'ambo ya ziwa huko, zinafika?"

Filemoni akaanza kuirudisha yake bahashani, na ilimchukua muda. "Wote ninaoandikiana nao nimewauliza. Hakuna aliyewahi kuona moja iliyotoka huko. Ni za pwani, mwanangu. Kule Kilwa mvua zikipiga, udongo ukichukuliwa, zinaonekana chini. Watoto huziokota wakazichezea."

Cuthbert alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. "Wengi walioletwa Unguja," akasema bila kumtazama mtu, "waliuzwa Kilwa kwanza."

Hapo hata mimi nikaelewa. Mke wa Filemoni alikuwa amesimama na chai, hajui aiweke wapi.

Julia akaifunga sarafu kitambaani, mafundo matatu. "Naombeni jambo moja," akasema. "Bibi nitamwambia mimi. Kwa wakati wangu. Msinitangulie." Filemoni akaitika, Cuthbert akaitika. Nami niliitika.

Tulilala kwa Filemoni, asubuhi tukapata lori la kurudi. Julia alijisikia vibaya, akakaa mbele na dereva, Mwalimu pembeni yake. Mimi nyuma, juu ya magunia, pamoja na watu kumi na wawili, nusu yao wa Masasi, na mtu hakai na watu kumi na wawili njia nzima bila kuulizwa alifuata nini Newala. Nilijitahidi. Mpaka tunashuka mteremko nilikuwa bado nimefumba mdomo. Halafu Siti, muuza ndizi, akasema, "Najua. Ni ile habari ya Bibi Isabela kukosa ukoo. Maskini, watamwita mateka mpaka anaingia kaburini." Akacheka kidogo, na mwingine akacheka.

Basi nikasema. Nikasema sarafu ni ya Kilwa, ya sultani, ya miaka mia saba, imesomwa na maalimu na kuthibitishwa na karani wa Serikali. Yaliyobaki sikuyasema. Niliwaza kwamba neno jema likitangulia, likaingia nyumbani na watu wengi nyuma yake, lile jingine litakosa pa kukaa. Mimi nyumba iliyojaa watu ndiyo dawa ninayoijua. Msiba nimeutibu nayo, talaka nimeitibu nayo.

Tuliposhuka sokoni Julia aliniambia bado hana nguvu za kufika nyumbani. Nikamketisha kibandani kwangu, nikamchemshia chai ya tangawizi, nikamwambia apumzike, bibi hakimbii. Kumbe wengine walikuwa wanakimbia. Tulipotokea kwenye kona ya kwetu tulisikia vigelegele.

Nyumba ilikuwa imejaa hadi uani. Siti alikuwepo na ndizi zake, wanawake wa kanisani wamekuja moja kwa moja kutoka kwenye ibada, mtu ameleta kuku. Bibi Isabela alikaa katikati, mtu amemvisha kanga mpya juu ya nguo yake ya nyumbani. Alikuwa anacheka. Sijawahi kuona meno yake yote mpaka siku ile. Julia akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. "Mama Rajabu," akasema, "umefanya nini?"

"Julia!" Bibi yake akanyoosha mikono. "Njoo. Hawa wameniambia tumepata kwetu. Kelele nyingi, sikusikia jina. Wapi, mwanangu?"

Julia alifungua mdomo.

"Kilwa, bibi!" Siti akapaza sauti, anapiga makofi. "Kilwa kwenyewe! Kwa masultani!"

Cheko la Bibi Isabela halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama kitu kilichosahauliwa, na macho yakaondoka kwanza.

"Kilwa," akasema.

Vigelegele vikapungua. Wa uani hawakusikia, wao waliendelea kidogo, kisha nao wakanyamaza.

"Mama yangu jina hilo hakulitaka ndani ya nyumba," akasema. "Alilitaja mara moja tu, nilipokuwa na mimba ya Scholastika. Walifungiwa uani huko, masika yote, wanangoja watu wa kuwanunua. Wakubwa walifungwa minyororo. Watoto hawakufungwa, walikuwa wanachezea matope." Akamtazama mjukuu wake. "Hizi sarafu, Julia, huonekana wapi?"

"Bibi, twende ndani."

"Wapi?"

"Chini. Mvua ikinyesha."

Bibi Isabela akatikisa kichwa mara nyingi, polepole, kama anayesikia habari za mtu mwingine. "Basi aliiokota. Alikuwa mtoto, watoto huokota. Halafu akasahau alipoitoa. Akakumbuka tu kwamba ni yake." Akaanza kuivua ile kanga mpya. Akaikunja, pembe kwa pembe, akaangalia nani ampe. "Ni ya nani hii? Mchukue mwenyewe. Asanteni kwa kuja."

Watu wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakitembea kwa ncha za vidole. Siti aliacha mkungu mzima wa ndizi, akalia njia yote. Kuku alibaki amefungwa miguu chini ya meza. Mimi nilikaa kwenye kizingiti mpaka nyumba ikawa tupu, nikaingia nikapiga magoti.

"Bibi, nisamehe. Ni mdomo wangu."

"Ulitaka nifurahi, Mama Rajabu," akasema. "Nami nilifurahi. Kuanzia saa sita mpaka saa nane." Angenitukana ningepona mapema.

Julia alisema atamwacha Marko. Alisema kwa sauti kavu, huku anaosha vyombo, kwamba Marko si mwanamume wa mwisho duniani. Bibi yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akamtuma mtu Chiungutwa.

Ambrosi alikuja, na safari hii kofia aliishika kwa mikono yote miwili, maana habari zilikwisha kumfikia. Bibi Isabela hakumzungusha. "Baba, hatujui," akasema. "Na hatutajua. Aliyejua alikuwa na miaka minane, naye alisahau."

Mzee yule akasema amezungumza na mke wake, Getrude. Nihimo la Getrude si la Marko; hakuna kizuizi. Wazee wa huko wako tayari kupokea.

"Wampokee Julia," Bibi Isabela akasema upesi. "Yeye ni kijana, atazoea."

"Haiwezekani, mama. Ukoo hushuka kutoka juu. Wewe ndiye wa juu aliye hai. Ukipokelewa wewe, Julia yumo, na watakaozaliwa wamo."

"Na mama yangu?"

Ambrosi aliangalia sakafu. "Aliyekwisha kufa hapokelewi, mama. Yeye atabaki alivyokuwa."

Bibi Isabela aliomba siku moja. Jioni ile alikuja tunduni kwangu, akaniomba makaa, na makaa anayo. Tukasimama kila mtu upande wake. "Unajua kwa nini mama alikataa?" akasema. "Aliona wenzake walivyopokelewa. Walipewa jina zuri, wakapewa mahali pa kukaa, mwisho wa mkeka. Mwenye ugomvi nao alikuwa anawakumbusha walikotoka. Mama akasema afadhali akae peke yake na kwao. Mimi nimekaa peke yangu na kwao miaka yote hii." Akapokea makaa. "Na kwao hakuna."

Wiki ile Filemoni aliandika kwamba rafiki yake wa Dar es Salaam angependa sarafu yetu hata ilivyosuguliwa, na atatoa sarafu nyingine tatu badala yake. Cuthbert alisoma barua kwa aibu. Bibi Isabela akajibu hapana, mama yake aliiokota kwa mkono wake mwenyewe. Hakusema zaidi.

Tulikwenda Chiungutwa Jumamosi, korosho za kwanza zikiwa zimeanza kuanguka. Watu walikuwa wachache; Getrude, dada zake, mama yao mkubwa aliyeketi kwenye kigoda, na Ambrosi na Marko pamoja na wanaume, mbali kidogo. Walisafisha mahali chini, wakaleta unga wa mtama kwenye ungo. Bibi Isabela alipiga magoti, na magoti yale yalimchukua muda kukunjika. Julia alitaka kumsaidia, mama mkubwa akamzuia kwa kiganja.

"Wewe ni nani?" mama mkubwa akauliza.

"Isabela, binti Helena."

"Hapana. Wewe ni nani?"

Getrude akainama akamnong'oneza, kama anayemsaidia mtoto darasani.

"Wewe ni nani?" Mara ya tatu.

Akalitaja. Alilitaja jina la ukoo wa Getrude, wazi, bila kutetemeka, akiitazama ardhi. Jina lenyewe siliandiki hapa. Midomo yangu imetembea vya kutosha katika habari hii. Mama mkubwa akamwaga unga, akawaita wazee wao mmoja mmoja kwa majina, saba au wanane, na hakuna hata mmoja ambaye Bibi Isabela aliwahi kumsikia. Helena hakutajwa. Wanawake wakanitazama, maana inajulikana kwamba kigelegele mimi ndiye huanzisha. Nilivuta pumzi, haikutoka sauti. Akaanzisha mwingine.

Marko alikuwa analia, kijana wa watu, kwa furaha. Julia alikuwa analia pia. Waliwekewa siku ya harusi papo hapo, baada ya mavuno.

Chakula kilipoiva wakatandika mikeka. Wanawake wa ukoo wakajipanga kwa umri wa kuingia kwao, wala si kwa mvi, ndivyo desturi ilivyo. Na aliyeingia leo hukaa mwisho, karibu na mlango. Bibi Isabela hakungoja kuonyeshwa. Alikwenda mwenyewe akakaa pale, akaipanga miguu, akageuza uso nje kutazama njia ya Masasi.

Mmoja wa dada zake Getrude alitaka kumpitishia sahani. Akamwita kwa lile jina, kwa upole kabisa. Hakugeuka. Akaita tena, na mwingine akamsaidia kuita, na nyumba nzima ikanyamaza ikingoja aitike.

Julia akamgusa bega. "Bibi," akasema, "ni wewe unayeitwa."